Durban kwa Hela ya Friji

Ubao ulitangulia. Safari ilikuja baadaye, ili ubao upate kazi.

Kuna mzungu wa Masaki alikuwa anahama, na wazungu wa Masaki wakihama huuza kila kitu hadi vyungu vya maua. Rafiki yetu, ambaye tangu hapo tunamwita Mwenyekiti, alikwenda kununua friji. Akakuta friji imeshabebwa. Nauli ya bajaji alikuwa ameshaitoa, hela ya friji inamwasha, basi akarudi nyumbani na ubao wa kutelezea mawimbi: futi tisa, rangi ya chungwa, na kibandiko cha kasa karibu na ncha. Shemeji yetu, mkewe, aliuzunguka kimya kimya, akaugonga kwa kidole, kisha akauliza maji ya baridi yanatokea upande gani.

Shida ya kumiliki ubao wa namna ile Dar es Salaam ni kwamba bahari yetu ni pole. Mawimbi ya maana ya Bahari ya Hindi huzaliwa na dhoruba za kusini kabisa, kule kunakokaribia barafu, yakaanza kupanda kaskazini. Njiani yanakutana na Madagaska imejilaza kama mgeni aliyelala sebuleni, hupiti bila kumruka. Yanayoponyoka huvunjikia kwenye matumbawe mbali na nchi kavu. Kinachofika Coco Beach kimechoka. Kinalowesha miguu ya wauza mihogo, basi. Wavuvi hawajawahi kulalamika. Mwenyekiti alilalamika.

Nafuu ipo Kigamboni. Kusi likishika, katikati ya mwaka, fukwe za kule zinazotazama bahari kuu huchangamka kidogo, na wapo vijana wanaoteleza vizuri tu, kwenye mbao zilizopasuka zikazibwa. Ila kufika Kigamboni kutoka mjini ni pantoni, na kwenye pantoni na ubao wa futi tisa hamwendi kimyakimya. Mwenyekiti aliuvika shuka jeupe ili jua lisiubabue, tukaubeba begani, wanaume wanne, mmoja kila pembe. Watu wakatupisha. Mzee mmoja akavua kofia. Bibi aliyekuwa na kapu la ndizi akasogea.

"Poleni na msiba, wanangu."

Katika hali ya kawaida mtu angeeleza. Mwenyekiti aliinamisha kichwa, akasema, "Tumeshapoa, bibi."

"Mmetoka naye wapi?"

"Masaki."

Bibi akatazama lile shuka kwa muda. "Kumbe na huko wanakufa," akasema.

Tulishushwa kwa heshima zote, wa kwanza kabla ya magari.

Ubao ukiwa mtupu huteleza, kwa hiyo wenye mchezo huupaka nta juu ili miguu ishike. Kazi ya kutafuta nta alipewa Mjumbe. Kila kamati ina mjumbe wa namna hii: hachangii hela, anachangia mawazo. Alirudi na kopo limeandikwa nta, na kweli ilikuwa nta, ya kung'arishia sakafu, nyekundu. Akaupaka ubao wote kwa bidii, akausugua kwa kitambaa mpaka ukawa unaonyesha sura. Mwenyekiti akajilaza kifudifudi, akapiga makasia kwa mikono, wimbi la kwanza likamfikia, na kabla hajakusanya magoti ubao ulishakwenda zake mbele na yeye kubaki nyuma, kifua chekundu kuanzia shingoni hadi kitovuni. Vijana wa Kigamboni walikaa chini kabisa ili wacheke vizuri. Mmoja wao, kwa huruma, alituambia mahali pa kufundishiwa watu wazima ni Durban.

Hapo ndipo safari ilipopatikana, na pamoja nayo kamati. Sisi hatujui kwenda mahali bila kamati. Mwenyekiti tayari alikuwepo kwa sababu ubao ni wake. Mweka Hazina alikuwa dada mmoja wa idara ya mahesabu ambaye hajawahi kupoteza risiti. Mimi nikawa Katibu kwa kuwa nilikuwa na kalamu.

Siwezi kusema Durban ilipita bila kupingwa. Mjumbe alitaka Hawaii, mpaka alipoelezwa kuwa ada ya kuomba viza ya Marekani hairudishwi hata ukinyimwa. Akahamia Biarritz, Ufaransa, ambako ubalozi hutaka kuona taarifa zako za benki, na hapo Mweka Hazina alicheka mpaka akaomba maji, maana taarifa zetu anazijua. Msumbiji ni jirani, na ufukwe wa Tofo una mawimbi ya kusifika, lakini anayetaka kwenda kwa barabara ya pwani anapita Cabo Delgado, mkoa ulio kwenye vita tangu 2017, na hakuna punguzo la nauli linalofidia hilo. Afrika Kusini haimdai Mtanzania viza kwa matembezi ya hadi siku 90. Hoja ikafungwa.

Mwenyekiti alikuwa na sababu yake nyingine. Aliangalia The Endless Summer, filamu ya Bruce Brown iliyotoka 1966, ya vijana wawili wa California wanaozunguka dunia wakikifuata kiangazi. Wanatua Senegali, Ghana, Nigeria, kisha wanajikuta Afrika Kusini, wanaomba lifti kutoka Cape Town kwenda Durban, na njiani, Cape St. Francis, wanakutana na wimbi ambalo watu wa mchezo huu wanalitaja hadi leo. "Walituruka," Mwenyekiti alikuwa akisema, kila kikao. "Afrika Mashariki nzima! Hata salamu!" Nilijaribu kumwambia juu ya Madagaska. Akasema hayo ni maneno ya Katibu, yasiandikwe kwenye muhtasari.

Sasa, Durban si mahali pa kubahatisha. Mji umejipanga ufukweni na magati yanayoingia baharini, na kila gati linatengeneza mchanga wake na wimbi lake. Upande wa kusini, Addington na South Beach, mlima wa Bluff unakinga, mawimbi ni ya kistaarabu, ndipo wanaoanza hupelekwa. Ukipanda kuelekea North Beach na Bay of Plenty mambo yanakuwa mazito. Huko ndiko mashindano ya kulipwa yalianza 1969, na huko ndiko alikokulia Shaun Tomson, bingwa wa dunia wa 1977. Na ukivuka mlango wa bandari, nje ya Bluff yenyewe, kuna Cave Rock, wimbi nene linalopasukia juu ya mwamba. Kamati iliomba Addington. Mwenyekiti, aliyekuwa ameangalia video moja usiku, aliomba Cave Rock, akidai kuwa bei ni ile ile.

"Bei ya kuingia," alisema Mweka Hazina. "Ya kutoka umeuliza?"

Msimu mzuri ni Juni hadi Agosti, baridi yao, wakati dhoruba za kusini zinaleta mawimbi makubwa. Maji hayagandishi, kwa kuwa mkondo wa Agulhas unashuka na joto kutoka upande wa Msumbiji. Yanakaa kwenye nyuzi 20 au 21 hivi. Mzungu wa video aliyaita ya kuburudisha. Mimi nimekulia Dar, nikioga maji ya bomba asubuhi ya Julai napiga kelele jirani anasikia.

Nilikuwa nimejiandaa kwa baridi. Sikuwa nimejiandaa kwa mama.

Mama ni binti wa mvuvi wa Pangani. Nilimweleza safari yote taratibu, akasikiliza huku anachagua mchele, na nilipomaliza akauliza neno moja tu: "Papa?"

"Kuna nyavu, mama. Durban wameweka nyavu za papa tangu 1952. Kuna bodi nzima ya serikali ya jimbo, kazi yao ni hiyo."

Angekuwa mama wa bara, mazungumzo yangeishia hapo. Huyu wa Pangani aliweka ungo chini. "Nyavu zenyewe zina urefu gani?"

"Mita kama 214 kila moja."

"Na kina?"

"Sita."

"Na bahari pale ina kina cha sita?"

Nikasema inazidi.

"Kwa hiyo papa anapita chini."

"Anaweza."

"Na pembeni, zimeunganishwa?"

"Zina nafasi."

Mpwa wangu, mtoto wa darasa la sita aliyepewa simu bila sababu yoyote, akasoma kwa sauti kwamba nyavu zile si uzio, ni za kupunguza papa, na kwamba baadhi yao hunaswa wakiwa upande wa ufukweni.

"Maana yake," mama akasema, "alikuwa ameshamaliza shughuli zake huko kwa watu, anarudi."

Nikamwambia mpwa wangu azime simu. Hakuzima. Akaendelea kusoma kwamba kila mwaka, mnamo Juni na Julai, makundi makubwa ya dagaa, wale wa jamii ya sardini, hupanda kutoka kusini kufuata pwani ya KwaZulu-Natal, na nyuma yao huja pomboo, ndege na papa; na dagaa wakikaribia, wenye bodi huzitoa nyavu kwenye fukwe zinazohusika ili pomboo na nyangumi wasinase.

Mama alirudi kwenye mchele wake. "Kwa hiyo," alisema, "mnakwenda siku ambayo papa wamealikwa na walinzi wamepewa likizo."

Niliwasilisha hoja hiyo kwenye kikao kama ilivyo. Mwenyekiti alijibu kuwa nyavu zikitolewa watu nao huzuiwa kuingia majini, kwa hiyo hatari haipo. Mweka Hazina akauliza kama watu wamezuiwa kuingia majini sisi tutakuwa tumekwenda kufanya nini. Kikao kikaahirishwa.

Mfuko tuliuchangia kwa simu, kila mwisho wa mwezi, na makato yake. Ulikuwa unakua vizuri. Tatizo la mfuko unaokua Dar es Salaam ni kwamba harufu yake inafika mbali. Akatokea mtu na harusi ya mdogo wake, mchango wa mwisho, Jumamosi hii, atarudisha. Baada yake sendofu. Baada ya sendofu, kipaimara cha mtoto wa Mwenyekiti mwenyewe, ambaye alijikopesha, akajidhamini, na akajishukuru kwa niaba ya kamati. Kila shilingi ina muhtasari wake na sahihi, nimeandika mimi. Ukizisoma zile karatasi bila kujua, utadhani Durban ni ukumbi wa harusi uliopo Sinza.

Kwa kuwa hela ilipungua, tukaanza kubana matumizi, na kubana kwetu kunaanza na neno ndugu. Hoteli ya nini? Mweka Hazina ana binamu Pinetown. Binamu akafurahi kupita kiasi, akasema chumba kipo, magodoro yapo, tukae tunavyotaka. Kisha akatuma orodha. Dagaa wa Kigoma, wakavu, wasiwe na mchanga. Mchele wa Kyela. Unga wa muhogo. Kanga, doti kadhaa, zenye maneno makali kwa sababu ana jirani. Mbuzi ya kukunia nazi. Na kinu na mchi, kidogo tu, cha mninga.

Mweka Hazina alikaa na mizani ya jikoni na kikokotoo. Kulala bure Pinetown kulikuwa kumegharimu zaidi ya hosteli ya ufukweni, na Pinetown yenyewe iko juu kwenye vilima, zaidi ya kilomita 15 kutoka majini. Tungekuwa tunashuka kila alfajiri kwa vipanya vyao na ubao wa futi tisa, tukiwaomba watu wa Durban wafungue madirisha ya pande zote mbili.

Mwenyekiti ndipo alipogundua Wazanzibari. Hili si utani wake, ni kweli: Durban ina jamii inayoitwa Wazanzibari, wajukuu wa watu ambao meli za kivita za Uingereza ziliwatoa kwenye majahazi ya watumwa na kuwashusha pale kuanzia 1873. Wengi hawakuwa wa Unguja hata kidogo, walikuwa Wamakua wa kaskazini ya Msumbiji, jina la Zanzibari walibandikwa likakaa. Waliishi miaka mingi King's Rest, palepale Bluff, wakiusikia mngurumo wa mawimbi ambayo watu wa mchezo huu leo wanayasafiria, mpaka serikali ya makaburu ikawapanga kwenye kundi la Waasia wengineo na, miaka ya 1960, wakahamishiwa Chatsworth, mbali na bahari. Mwenyekiti aliposoma kwamba ni Wamakua, akasimama. Babu yake mzaa mama alikuwa Mmakua wa Masasi.

"Tuna ndugu," akasema.

"Wa 1873," nikasema.

"Ndugu haozi. Nafika, najitambulisha, napewa chumba."

"Utajitambulisha kwa nani?"

"Kwa yeyote."

Ilitubidi tupige kura ili mtu asiende kubisha hodi kwenye nyumba za watu Chatsworth akiwa amebeba ubao na kinu. Matokeo yalikuwa matatu kwa moja. Mwenyekiti aliomba ijulikane kuwa hajaridhika, nami nikaandika.

Tikiti ya ndege hadi Johannesburg ilipatikana kwa bei ambayo hata mama alisema si mbaya, na kutoka pale kuna mabasi ya usiku ya kwenda Durban. Bei ile ilikuwa ya mtu na kilo 7 za mkononi. Dagaa peke yao walikuwa na zaidi. Ubao, kama mzigo usio wa kawaida, ulitakiwa kulipiwa hela inayokaribia nauli ya mtu mzima. Mwenyekiti akampigia simu mhudumu kumuuliza kama, kwa kuwa bei zimelingana, ubao unaweza kukata tikiti yake na kukaa kwenye kiti. Dada wa upande wa pili akauliza jina la abiria kama lilivyo kwenye pasipoti.

Mweka Hazina alikuwa amesubiri siku hiyo kwa uvumilivu. Akatoa karatasi iliyokunjwa vizuri: pale Addington, mchangani kabisa, mbao zinakodishwa kwa saa, nta imo, mwalimu yupo ukimtaka. Hela ya kupeleka ubao wetu ingetukodishia mbao za safari nzima na chipsi.

Kikao kilinyamaza. Mwenyekiti aliutazama ubao wake ulioegemezwa ukutani, wekundu wa sakafu bado haujatoka kwenye mkia.

"Kukodi," alisema, "ni kutupa hela."

Tukazungumzia reli. TAZARA inakwenda kilomita 1,860 kutoka Dar hadi Kapiri Mposhi, Zambia, na kwa mtu mwenye muda ni safari nzuri: mbuga, mahandaki ya baada ya Mlimba, baridi ya Makambako, watu wanakuuzia viazi dirishani. Kutoka Kapiri unatafuta basi la Lusaka, kisha Harare, kisha Beitbridge, kisha Johannesburg. Mwenyekiti alihesabu siku zake za likizo kwa vidole, akazimaliza yupo Zimbabwe. Mjumbe, ambaye hakuwa amelipa chochote na kwa hiyo alikuwa na akili iliyotulia, akatoa wazo lake pekee lililowahi kupitishwa: ubao hauna mwajiri. Sisi tupande ndege, ubao uende kwa basi kama kifurushi, ukapokelewe Johannesburg na mtoto wa dada yake anayefanya kazi ya saluni. Kinu kifungwe humohumo.

Tukaupeleka asubuhi, tumeufunga kwa makatoni na magunia. Lile shuka tulilikataa kwa kauli moja. Ofisi ya vifurushi ilikuwa chumba kimoja chenye meza, mizani, na kijana mwenye tepu ya fundi cherehani shingoni. Ukutani kulikuwa na orodha ya bei kwa aina: gunia, ndoo, godoro, kitanda, pikipiki, mlango, dirisha, mengineyo. Mengineyo ndiyo ilikuwa ghali kuliko zote.

"Hii ni nini?"

Mwenyekiti akaeleza. Kijana hakuelewa. Mwenyekiti akafungua makatoni, akaulaza ubao sakafuni, akalala juu yake kwa tumbo, akapiga makasia hewani, akaruka akasimama, goti limekunjwa, mikono imetanuka. Ilikuwa mara ya kwanza namwona akisimama juu ya ubao ule bila kuanguka. Foleni ikapiga makofi.

"Kwa hiyo mtu analala," kijana akasema.

"Mwanzoni."

"Basi ni kitanda."

Tukaangalia ukutani. Bei ya kitanda haikuwa ya kufurahisha. Mweka Hazina akasema hakuna kitanda kisicho na miguu. Kijana akakubali hilo lina mantiki, akaugeuza ubao, akakuta mapezi matatu chini, akasema miguu ndiyo hii. Abiria mmoja wa Mbeya akashauri uandikwe mtumbwi. Mtumbwi haukuwepo kwenye orodha, ungeangukia mengineyo. Kijana alipima urefu, akapima upana, akaugonga kwa kidole kama shemeji alivyofanya, akakuna kidevu, na hatimaye akaandika kwenye kitabu cha stakabadhi kwa herufi kubwa: MLANGO 1, CHUNGWA. Ilikuwa bei ya chini kuliko zote baada ya ndoo. Mweka Hazina akalipa haraka kabla mtu hajabadili mawazo, akaikunja risiti, akaitia kwenye pochi.

Tulishafika nje, tunapeana mikono, kijana akatoka mbio anatuita, kalamu bado iko sikioni.

"Samahani, wakubwa. Fremu yake mnaileta leo, au niwaandikie basi la Jumamosi?"